Isipokuwa Chaki

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya chaki, na kila anayeinuka pale huondoka na weupe mgongoni kama gunia lililopigwa muhuri. Kulia kuna jiko la mkaa la Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini huwagombeza wote kana kwamba aliwaogesha wakiwa wachanga. Kushoto kuna kibanda cha Kinyozi, kiti kimoja cha kuzunguka na kioo kimoja chenye ufa, na mwenye kibanda hukaa nje zaidi kuliko ndani. Siku nyingine watu hukaa pale mpaka wakasahau kilichowaleta. Asubuhi ile hakuna makalio yaliyotulia. Mmoja akikaa, mwingine anainuka. Aliyeinuka anachungulia barabarani, anarudi, anakaa upande mwingine, anaambiwa asogee. Hata kahawa ilikuwa nyepesi, kwa sababu gunia la Shangazi lilikuwa mpakani siku ya kumi na moja likisubiri karatasi, naye alikuwa akichemsha masalia ya jana bila kumwomba mtu radhi.

Mwenye haraka kuliko wote alikuwa mwenye karakana. Mtaa mzima unamwita Mama Chaki. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye leseni tu. Alitoka getini mara ya tatu, karatasi mkononi, kalamu imechomekwa kwenye kilemba, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

– Saa ngapi sasa?

– Saa tatu na robo, alisema Kinyozi. Ulipouliza mwanzo ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Ukiuliza tena nitakuvulia saa yenyewe ukae nayo.

– Mtu wa ofisi ya biashara anakuja saa nne kamili. Nataka saini tatu. Yangu ninayo. Tatu tu, nyie watu, halafu mrudi kwenye uvivu wenu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nchi hii na ile ya upande wa pili wa mpaka, ile ambayo kila hotuba huiita "rafiki yetu wa damu", zilikuwa zinakaribia kutia saini mkataba wa biashara huria: bidhaa za kwao zije bila ushuru, za kwetu ziende bila ushuru. Ofisi ya biashara ilitangaza kwamba kila mtaa wenye wafanyabiashara wadogo utoe maoni, ukurasa mmoja, saini nne za watu wenye leseni, na mtu atapita kuyachukua. Katika mtaa ule wenye leseni walikuwa wanne. Shangazi hakuwemo, yeye ana jiko, hana leseni. Walikuwa Mama Chaki, Kinyozi, na wanaume wawili waliokuwa wamekaa benchini wamekunja nne kama mahakimu.

Wa kwanza ni Waziri. Hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alistaafu kazi ya posta, akajenga banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba, lakini mpaka leo husema "sisi serikalini". Wa pili ni Breki, mwenye lori moja analoliendesha mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndicho kitu mdomo wake umekosa.

Kwa Mama Chaki haya hayakuwa maneno ya redioni. Chaki hutengenezwa kwa jasi, unga mweupe unaochimbwa na kuchomwa huko huko kwa rafiki wa damu, hapa haupatikani. Tangu ushuru wa jasi upandishwe, mifuko ilikuwa inakuja kwa kusuasua, na asubuhi ile stoo ilikuwa na ya kutosha siku tisa tu. Baada ya hapo wanawake sita wanaomimina uji wa jasi kwenye kalibu zake wangekaa wakitazamana, na mmoja wa hao sita ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walikuwa wameianzisha naye kazi hii kwa beseni moja. Na shule za kule, zilizonunua chaki yake miaka mitatu mfululizo, zilikuwa zimemwandikia barua yenye adabu nyingi kwamba kwa ushuru ule wa kuingiza, zinasikitika.

– Nisome au nisisome?

– Soma, alisema Waziri. Lakini soma kiserikali. Usikimbie.

Akasoma huku akitembea. Sisi wafanyabiashara wa mtaa huu tunaunga mkono mkataba. Alipofika mstari wa tatu akaiacha karatasi, akaanza kusema mwenyewe, kwa sababu alichokiandika kilikuwa na baridi kuliko alichokuwa nacho kifuani.

– Mfuko wa jasi unatoka kwao, unalipiwa ushuru ukiingia. Naugeuza chaki. Chaki inarudi kwao kule kule, inalipiwa tena. Ni kama mtu anayetozwa kiingilio kwenda kumtembelea dada yake, halafu anatozwa tena mlangoni akitoka kwa kuwa ameshiba. Mafuriko yalipotupiga, nani alileta mahema? Wao. Ardhi ilipotikisika kwao, nani alipeleka madaktari? Sisi. Majeshi yanafanya mazoezi pamoja. Wakubwa wanakumbatiana uwanja wa ndege mpaka walinzi wanaona haya. Lakini gunia la kahawa ya Shangazi likifika mpakani linawekwa ndani kama limeiba.

– Siku ya kumi na moja, alisema Shangazi bila kugeuka.

– Basi! Mwanamke yule anapika maji ya kunawia kwa sababu ya ushuru, na nyie mnakunja nne. Saini hapa.

– Lete nione mwandiko, alisema Breki, akaichukua karatasi kabla hajapewa.

Mama Chaki alinyoosha mkono kuirudisha, akachelewa. Alijua macho ya Breki yangeangukia wapi. Alfajiri ile, kabla wengine hawajafika kazini, alikuwa ameongeza maneno mawili chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama sisimizi waliopotea njia. Kule kwa rafiki wa damu kulikuwa na kiwanda cha chaki. Kina mashine, watu walisema. Mashine hiyo hajawahi kuiona, lakini ilikuwa imemkaa kichwani kama mgeni asiyeaga.

– Ngoja, ngoja. Hapa chini pameandikwa nini? Breki alisogeza karatasi, akairudisha, akasogeza tena. "Isi-po-kuwa... chaki." Isipokuwa chaki! Mama Chaki! Unatuhubiria mpaka ufunguliwe, kumbe mlango wako umeufungia kwa ndani!

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

– Sisi serikalini, alisema Waziri, hicho tunakiita kifungu cha kujihami.

– Ni wanawake sita, bwana. Kule kuna kiwanda chenye mashine.

– Na mimi nina watoto watano na lori lenye magurudumu kumi, alisema Breki. Wote wanakula. Andika: isipokuwa madereva wa malori.

– Wewe? Wewe unayelala mpakani wiki nzima ukirudi unanuka kama soksi? Si ndiye uliyesema mpaka ufunguliwe hata kwa tingatinga?

– Ufunguliwe. Mimi nipite. Wao wakae.

– Wakae wapi, na mpaka uko wazi?

– Kwao! Sikiliza, nikufundishe siasa. Unajua kwa nini hakuna jeshi lililowahi kutuvamia?

– Kwa sababu hakuna anayetutaka, alisema Shangazi.

– Mashimo! Breki alisimama, akasahau kikombe kilikuwa mapajani, kikaenda chini. Mashimo ya barabara zetu, mabibi na mabwana. Mimi nayajua yote kutoka hapa mpaka mpakani, kwa idadi na kwa kina. Lile la darajani nalipita kwa gurudumu la kushoto. Lile la karibu na shule nalipita nimefumba macho, kwa kuwa ukiliona unaghairi safari. Hiyo ni siri ya ulinzi wa taifa. Sasa leta madereva wao wazunguke hapa mwaka mmoja. Watayachora kwenye ramani. Ramani ikifika jeshini kwao, tumekwisha.

– Si ni marafiki?

– Ndiyo maana nataka wakae kwao, tusije tukagombana.

– Shimo la karibu na shule limezibwa, alisema Kinyozi.

Breki alimgeukia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imevunjwa.

– Lini?

– Juzi.

– Bila kutuambia wadau?

– Breki, saini, alisema Mama Chaki.

– Isipokuwa madereva.

Angemkatalia. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini herufi zile za sisimizi zilikuwa pale pale zikimtazama, na yeye ndiye aliyezialika. Akachomoa kalamu kilembani, akaandika, Breki akasaini kwa madaha, mkia wa saini yake ukafika ukingoni mwa karatasi.

Wifi yake alitokeza getini. Ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti na si mpole wa kitu kingine chochote, mikono imeganda jasi mpaka kwenye viwiko.

– Wifi, mchanganyiko wa pili tuumimine, au tuuache utulie kwanza?

– Mimina. Utulie nini? Hatuna muda.

– Na trei za jana ziendelee kukaa juani?

– Ziendelee! Jioni nataka zipakiwe.

– Haya. Unaandika nini mpaka kalamu inatoa moshi? Wifi akainama, akasoma pale chini. "Isipokuwa chaki." Hiyo nani kaiomba?

– Nimeiomba mimi. Kwa ajili yenu.

Wifi alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

– Haya, alisema tena, na "haya" hiyo ya pili ilikuwa na uzito wa mfuko mzima. Akaingia ndani.

– Saa ngapi? aliuliza Mama Chaki.

– Tatu na nusu, alisema Kinyozi, na sasa ni zamu yangu. Mimi huu mkataba nautaka kuliko nyote. Mashine za kunyolea zinatoka kule. Hii niliyonayo hainyoi, inang'oa. Waziri shahidi.

Waziri aligusa kisogo chake kwa huzuni.

– Tulivumilia, alisema.

– Vizuri. Saini basi.

– Isipokuwa vinyozi.

– Mungu wangu! Mtu apande basi siku nzima, avuke mpaka, aje kukunyang'anya kichwa cha Waziri? Hicho chenye nywele kumi na moja?

– Kumi na nne, alisema Waziri.

– Shida si nywele, alisema Kinyozi, akapunguza sauti ikabidi wote wamsogelee. Shida ni kilicho chini yake. Mtu akikaa kwenye kiti changu, anasema. Sijui ni ule wembe shingoni au ni lile shuka. Anasema tu. Mkubwa mmoja, simtaji, alinieleza bei ya saruji itakavyopanda wiki mbili kabla haijapanda. Nchi hii nzima, nani anaweza kumwambia mkubwa "inamisha kichwa" na akainamisha? Mimi. Askari hawezi. Mkewe hawezi. Sasa nipe kinyozi wa kigeni kwenye kona ile. Jumamosi anawainamisha wakubwa wetu mmoja mmoja. Jumatatu kwao wanajua sisi tutataja nini mezani.

– Mezani wapi? Mkataba si utakuwa umeshasainiwa?

– Huu. Na ule wa pili? Siku zote kuna wa pili, Mama Chaki. Ndivyo wanavyokula posho.

– Mashine ya kunyolea ije, anayejua kuishika asije, alisema Shangazi. Haya, andika na hilo.

Mama Chaki aliandika. Kinyozi akasaini. Ukurasa uliokuwa msafi alfajiri ulikuwa sasa umeota ndevu chini. Akatembea mpaka barabarani, akachungulia, akarudi. Pikipiki iliyokuwa inakuja ilikuwa ya muuza maziwa.

– Waziri. Umebaki wewe. Saini, ndugu yangu, nakuomba.

Waziri hakuichukua kalamu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua.

– Kwanza ningependa pawe na utangulizi. "Kwa kuzingatia." Sisi serikalini hatukuwahi kukubali jambo bila kuzingatia.

– Kwa kuzingatia nini?

– Hilo huamuliwa baadaye. Pili, isipokuwa mayai.

– Mayai! Mama Chaki alijipiga paja, wingu jeupe likapanda. Mzee, yai litoke kule, lisimame mpakani siku kumi na moja na gunia la Shangazi, si litafika hapa limeshakuwa jogoo?

– Hapo ndipo penye hatari yenyewe! Kifaranga kilichoanguliwa njiani, kati ya nchi na nchi. Raia wa wapi? Waziri alinyanyua kidole. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: kuku wa kule hufugwa kwa taa. Nimesoma. Taa haizimwi. Kuku halali. Kuku asiyelala hutaga yai lisilolala. Ukila yai lisilolala, wewe nawe hulali. Nipeni nchi ambayo watu wake hawajalala mwezi mzima, nami nitawaonyesha nchi itakayosaini chochote itakacholetewa. Mnadhani ule mkataba wa pili aliousema Kinyozi utapitaje?

Kinyozi alishika kidevu. Lilimwingia.

– Yaani mayai ndiyo yanaanza, vinyozi wanafuata...

– ...halafu madereva na ramani ya mashimo, alimalizia Breki. Wamepanga! Hawa watu wamepanga!

– Wamepanga wapi? alifoka Mama Chaki. Nyie ndio mmepanga, hapa hapa, kwa vikombe vitano vya maji ya moto! Mimi nataka jasi. Jasi! Unga mweupe! Siku tisa zikiisha nafunga geti hili, na nyie mtakuwa mnaegemea ukuta wa nyumba iliyokufa. Mnanisikia?

Breki alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

– Tunakusikia, alisema Waziri kwa upole wa kweli. Lakini nina kuku themanini, mwanangu. Pensheni yenyewe unaijua. Mayai yale ndiyo yananinunulia dawa za presha. Wewe umeikinga chaki yako. Mimi nikinge nini?

Akaandika: isipokuwa mayai na chochote kitokacho kwa kuku. Waziri akasaini taratibu, herufi za posta, kila moja imesimama wima.

– Na kahawa? aliuliza Shangazi.

– Kahawa iachwe! walisema wote kwa pamoja. Kahawa ipite!

– Nimeelewa. Yangu iingie mnywe, yenu isiingie mle. Shangazi akainua birika, akaitikisa, ikatoa mlio mwembamba. Lipo tone moja moja. Anayetaka asogeze kikombe, asiyetaka asinitazame.

Saa nne kasoro dakika tatu ikafika pikipiki nyingine, na safari hii ilisimama. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, faili kwapani limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Alikuwa amechoka na hakuona haja ya kuficha.

– Hamjambo wazee. Hujambo mama. Ni hapa maoni ya mtaa?

– Ni hapa hapa, karibu, alisema Waziri, akisimama kumpisha. Tumeyaandaa kwa kuzingatia.

Mgeni alikaa, akapata alama yake ya mgongoni bila kujua, akaisoma karatasi. Juu aliisoma haraka. Chini akapunguza mwendo. Kidole chake kilitembea: chaki, madereva, vinyozi, mayai. Kisha kikarudi juu, kikatulia kwenye chaki.

– Nani wa chaki?

– Mimi, alisema Mama Chaki.

– Wateja wako wako wapi?

– Wa hapa wachache. Wengi walikuwa wa kule, shule za kule. Ndio nawataka warudi.

Mgeni alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu hesabu ambayo huenda kakosea yeye.

– Samahani, mama, mimi ni mkusanyaji tu, sikusomea haya. Lakini kule nako wanakusanya maoni wiki hii hii. Kuna watu wa chaki kule. Nao wakiandika "isipokuwa chaki", yako utaiuza wapi?

Waziri alifungua mdomo, akatafuta kitu cha kuzingatia, hakukiona. Kinyozi alitazama kibanda chake kana kwamba kuna mteja. Mdomo wa Breki, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umfahamu, ulishika breki.

– Nina mitaa mingine mitatu, alisema mgeni. Nawapa dakika tano. Ikibaki hivi nitaipokea hivi hivi, si kazi yangu kukataa.

– Futa ya kwako, Breki alimnong'oneza Kinyozi.

– Nifute mimi kwa nini? Futa wewe, wewe ndiye uliyeanza.

– Aliyeanza ni Mama Chaki!

– Basi wafute wao kwanza kule, alisema Waziri, tukiona wamefuta, nasi tunafuta.

– Watajuaje kwamba sisi tunasubiri wafute?

– Tutawaandikia.

– Na wao wakisubiri sisi?

– Tutasubiri pamoja. Ni marafiki.

Mama Chaki aliwasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Macho yake yalikuwa kwenye yale maneno mawili. Alijaribu kuiwazia shule moja ya kule, mwalimu mmoja akifungua boksi lake, na kati ya mwalimu huyo na boksi akaona mtu mwingine, mwanamke kama yeye, vumbi kwenye kope, ameketi alfajiri anaandika kwa herufi ndogo ili wenzake wasione. Alitaka kumpigia kelele aache. Akachomoa kalamu. Akapiga mstari juu ya chaki, na mwingine juu ya ule, mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

– Ya kwangu nimefuta, alisema. Sasa nani atanitupia lawama?

Breki alivuta pumzi ndefu ya mtu anayepanda mlima na mzigo.

– Lete. Potelea mbali. Na lile shimo wameshaliziba.

Akafuta. Kinyozi alifuta nusu, akamtazama Breki, akamalizia. Yakabaki mayai. Wote wakamgeukia Waziri, naye akafumbata mikono yake magotini.

– Hapana, alisema. Nisameheni. Mimi siwezi.

Mgeni alimtazama mzee yule, kisha saa, kisha mzee tena.

– Mayai yabaki?

– Yabaki.

– Haya. Mtaa huu: huria, isipokuwa mayai. Akaitia karatasi kwenye faili, akafunga mpira, akapanda pikipiki. Nimeona mitaa iliyonipa kurasa mbili za isipokuwa, mzee. Wewe ni muungwana.

Pikipiki ilipokata kona, Mama Chaki akaegemea geti. Wifi yake alikuwa amesimama kwa ndani, na ni wazi hakuwa amefika sasa hivi.

– Umefuta, alisema wifi.

– Nimefuta. Kosa langu au si langu, imeshakwenda. Sasa jasi itakuja, na chaki yao itakuja nyuma yake, na ile mashine itatumeza, wifi. Itatumeza na kalibu zetu.

Wifi alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa chaki mbili, akachora mistari miwili kwenye bati la geti, mmoja chini ya mwingine. Wa kwanza ulitoka mweupe, laini, umenyooka. Wa pili ulikwaruza, ukamwaga unga mpaka miguuni, na katikati ya njia chaki ikakatika paa.

Benchi zima lilikuwa limesogea.

– Iliyokatika ni ya wale, alisema Waziri kwa matumaini.

– Iliyokatika ni ya kwetu, alisema wifi.

Mama Chaki alikiokota kile kipande. Alikijua hata kwa kukigusa. Kwa muda alitaka kumkasirikia mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa huyu mwanamke mwembamba.

– Hii nyingine umeitoa wapi?

– Kwa mwalimu wa mwanangu. Yeye huagiza ya kule kwa pesa yake, kwa sababu ya kwetu inamkatikia mkononi.

– Tangu lini?

– Mwezi wa pili huu.

– Na hukuniambia?

– Kila nikisema "chaki ya kule", unasema "mashine". Nikasubiri uniulize.

– Ivunje basi, alisema Mama Chaki. Tuone ndani ina nini.

– Nimeshavunja. Nimesaga, nimeloweka, nimeonja mpaka mwanangu akadhani nina mimba. Jasi ni ile ile. Nikamuuliza yule dereva wa kule anayetuletea jasi, mkewe anafanya kazi pale pale kiwandani. Hiyo mashine ni ya kupakia tu. Kumimina wanamimina kwa mkono, kama sisi. Ila uji wao wanauacha utulie. Na hawaaniki juani, wifi. Wanakausha kivulini, siku nne. Sisi tunaanika siku moja kwa sababu wewe una haraka.

Mama Chaki aligeuka akatazama uani. Trei kumi na mbili zilikuwa zimepangwa juani, zinawaka kwa weupe, na akikaza macho aliweza kuona, hata kutoka pale, nyufa nyembamba kama unywele. Zilikuwepo siku zote. Alikuwa akizipita mbio.

– Tutaziweka wapi siku nne? aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

– Stoo. Si imebaki karibu tupu?

Aliingia uani, akainama kwenye trei ya kwanza, akaitazama bila kuigusa. Kisha akaita bila kugeuka:

– Breki! Acha kusimama kama nguzo, njoo ushike huku.

Breki alikuja, akakunja mikono ya shati, akashika upande wake, wakanyanyua. Mama Chaki alikuwa ameshaanza kukimbia nayo.

– Taratibu, alisema wifi.

Akaenda taratibu.